Siti binti Saad na Mashine Itungayo Nyimbo

Walimu wa muziki katika shule zetu, kuanzia Kitengela hadi Magadi, wanakabiliwa siku hizi na swali zito. Je, yafaa kijana asomee utunzi na uongozaji wa muziki, ilhali kuna programu za kompyuta ambazo, zikiandikiwa sentensi moja tu, hutoa wimbo mzima, sauti na ala, kwa muda wa dakika chache? Kabla ya kumjibu kijana huyo, ningependa tuyatazame maisha ya mwanamke aliyekutana na mashine ya zama zake, yaani santuri.

Siti binti Saad alizaliwa yapata mwaka 1880 katika kijiji cha Fumba, Unguja, kwa wazazi wenye asili ya bara waliokuwa wameonja utumwa. Jina alilopewa utotoni ni Mtumwa. Msomaji atanisamehe nikisita hapa kidogo, maana maneno ndiyo kazi yangu: siti, lenye asili ya Kiarabu, ni bibi mwenye heshima, nalo alitunukiwa baadaye kwa ajili ya sauti yake. Ni wachache waliopata kupanda ngazi ya matabaka ya Zanzibar ya enzi zile hata ikadhihirika katika majina yao.

Alifinyanga vyungu, akavichukua kwa miguu hadi mjini akivinadi kwa kuimba. Mnamo 1911, mwaka uleule ilipoundwa Kampuni ya Magadi Soda huku kwetu, alihamia mjini, na huko mpiga udi Muhsin Ali akamfunza uimbaji. Taarab wakati huo ilikuwa pambo la kasri. Sultani Barghash, aliyetawala 1870 hadi 1888, ndiye aliyeifungulia mlango kutoka Misri. Waimbaji walikuwa wanaume na lugha ilikuwa Kiarabu. Siti na wenzake, akina Subeit bin Ambar, Buda Swedi na Maalim Shaaban, waliitia Kiswahili na kuipeleka Ng'ambo, mtaa wa wachuuzi, wavuvi na vibarua.

Utunzi wao ndio unaonishughulisha zaidi. Hawakuketi peke yao na karatasi. Jioni watu walikusanyika nyumbani kwa Siti wakileta habari za mtaa: nani kadhulumiwa, hakimu kaamua nini, mkubwa gani kala fedha zisizo zake. Habari ikawa beti, beti zikajaribiwa mbele ya walewale walioileta, zikarekebishwa, zikaimbwa tena. Ndivyo ulivyopatikana wimbo wa Kijiti, kuhusu mwanamume aliyemuua mwanamke akatorokea bara, huku adhabu ikiwaangukia wanawake wasio na hatia.

Mwaka 1928 kundi hilo lilisafiri kwa meli hadi Bombay kurekodi kwa kampuni ya His Master's Voice. Wangeweza kudhani kwamba sahani ile ingewanyang'anya riziki, kwani nani angemwalika mwimbaji nyumbani kwake ilhali sauti yake ingenunuliwa dukani? Yalitokea kinyume chake. Sahani zilienea pwani nzima na sifa za Siti zikakua. Mashine ile ilimhitaji Siti aliye hai. Kila ilipotaka wimbo mpya ilibidi imrudie yeye, na yeye aurudie mtaa wake.

Akili unde haimrudii mtu. Hujifunza kutokana na nyimbo zilizokwisha kurekodiwa, kisha huendelea yenyewe. Ndiyo sababu mwezi Juni 2024 kampuni kubwa za muziki ziliwashtaki wenye programu za Suno na Udio nchini Marekani, ingawa baadhi ya kesi hizo ziliishia katika mapatano mwaka 2025. Kwa Siti mapatano hayana faida. Alifariki tarehe 8 Julai 1950, na sheria ya Kenya ya mwaka 2001, kwa mfano, humlinda mtunzi kwa miaka 50 tu baada ya kifo chake. Kweli, Bi Kidude naye alijifunza kwa kumsikiliza Siti bila kumlipa mtu. Lakini Bi Kidude alikuwa mmoja, aliyaishi maneno aliyoyaimba, na hadi kifo chake mwaka 2013 alibaki wa kualikwa na kulipwa.

Kuhusu uongozaji, sina hofu kubwa. Tazama olaranyani wa Kimaasai, yule aanzishaye wimbo huku wenzake wakimwitikia kwa mngurumo: huwasoma waitikiaji machoni, akajua lini apandishe na lini anyamaze. Kiongozi wa kwaya ya shule hufanya kazi hiyohiyo, na kwaya haiongozeki bila mtu wa kuitazama.

Hofu yangu iko kwingine. Mtunzi chipukizi nchini hupata posho kwa kazi ndogondogo: wimbo wa tangazo la sabuni, wa kampeni ya uchaguzi, wa kusindikiza filamu fupi. Hizo ndizo kazi ambazo mashine itazichukua kwanza, maana mteja wake hutafuta urahisi kuliko ubora. Siti alikuwa na vyungu vya kumlisha wakati sauti yake ikipevuka. Mwanafunzi wetu atakayemaliza shahada ya muziki atauza nini katika miaka kumi ya kwanza, kabla mtaa haujamjua? Walimu wenzangu, hilo ndilo la kujadiliana naye waziwazi kabla hajaijaza fomu ya chuo kikuu.