Muyaka si vina na mizani pekee

Katika madarasa yetu, Muyaka bin Haji hutajwa aghalabu pale mwalimu anapofunza vina na mizani. Huko ni kumpunja. Muyaka, ambaye inakadiriwa kwamba aliishi Mombasa kati ya mwaka wa 1776 na 1840, alikuwa kwanza kabisa msemaji wa mambo ya mji wake.

Kabla yake, sehemu kubwa ya tungo zilizohifadhiwa kwa maandishi zilikuwa za dini. Yeye alilitumia shairi la mishororo minne kuzungumzia mapenzi, ufukara, usaliti na vita. Mombasa wakati huo ilikuwa mikononi mwa Wamazrui, waliokataa kuwa chini ya Sayyid Said wa Oman. Yapata mwaka wa 1812, Mombasa na Pate zilishindwa na Lamu katika vita vya Shela. Muyaka akajibizana kwa mashairi na malenga wa Lamu. Sayyid Said alipoleta merikebu zake, aliwahimiza wenziwe wasimame imara. Hatimaye, mwaka wa 1837, mji ulitwaliwa, na wakuu wa Wamazrui wakakamatwa na kupelekwa uhamishoni Uajemi.

Je, mtunzi huyu alikuwa huru, au alikuwa mpiga debe wa watawala? Ni kweli kwamba alikuwa na upande, wala hakuuficha. Lakini uhuru wa mtunzi si kukosa upande. Muyaka alitoa hoja zake hadharani, katika umbo ambalo hasimu aliweza kulijibu kwa vina vile vile. Anayekubali kujibiwa hatawali fikira za watu, anazishawishi. Hiyo ndiyo tofauti baina ya shairi na amri.

Utawala aliouunga mkono ulianguka, ila tungo zake zilidumu vinywani mwa watu. Baadaye Mwalimu Sikujua na mmisionari W. E. Taylor walizikusanya na kuziandika. William Hichens alichapisha diwani yake mwaka wa 1940, naye Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa uchambuzi wake mwaka wa 1979. Watu wa Mombasa hawakulazimishwa na mtu kuzikumbuka.

Basi, walimu wenzangu, kabla ya kumwambia mwanafunzi ahesabu mizani, tumwulize kwanza: hapa Muyaka anamjibu nani, na kwa sababu gani? Asiyeweza kujibu swali hilo amehesabu silabi tu. Shairi lenyewe bado hajalisoma.