Smuts na ugomvi wa ndege

Mitume walibishana njiani nani mkubwa kati yao, na Bwana alipowauliza kule Kapernaumu wakanyamaza kwa aibu. Wakubwa wa majeshi hawanyamazi upesi hivyo. Jan Christiaan Smuts aliwahi kupewa kesi yao.

Sisi tunaokaa Pemba vita vyake vilitupitia jirani. Jumapili, tarehe 20 Septemba 1914, manowari ya Wajerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza bandarini Unguja, kisha ikajificha kwenye delta ya Rufiji. Ndege za jeshi la wanamaji ziliitafuta, zikaelekeza mizinga mpaka ikaangamizwa Julai 1915. Smuts alipokuja mwaka 1916 kuongoza vita huko bara, alikuwa na ndege za wanamaji na ndege za jeshi la nchi kavu, kila kundi na wenyewe.

Alikuwa mtoto wa mkulima, mzaliwa wa Cape mwaka 1870, mwanasheria wa Cambridge. Alipigana na Waingereza katika Vita vya Makaburu, baadaye akawa mtu wao. Katika vita vya huku kwetu wapagazi walikufa kwa makumi ya maelfu, zaidi kwa njaa na maradhi. Jina la Kariakoo linatokana nao.

Mwaka 1917 alikuwa London. Mwezi Juni ndege za Wajerumani ziliua watu 162, wakiwamo watoto 18 wa shule moja, huku majeshi mawili ya Uingereza yakigombea injini. Agosti Smuts akapendekeza yote mawili yanyang'anywe ndege na liundwe jeshi la tatu. Jeshi la anga likazaliwa tarehe 1 Aprili 1918. Wanamaji waliendelea kudai chao, na mwaka 1937 ikaamuliwa warudishiwe ndege za melini.

Kwa uamuzi ule namsifu. Watoto walikuwa wamekufa na wakubwa wakigombea mali. Lakini mwaka 1922, akiwa waziri mkuu wa Afrika Kusini, alipeleka ndege Namibia dhidi ya Wabondelswarts, watu maskini waliolemewa na kodi ya mbwa. Mabomu yaliangukia kambi yenye wanawake na watoto. Safari hii hapakuwa na wa kugombana naye; ndege zote zilikuwa zake.

Mwaka 1945 alishiriki kuandika utangulizi wa Mkataba wa Umoja wa Mataifa, unaotaja haki za binadamu, wakati kwao Mwafrika alikuwa mtu wa pembeni. Alifariki tarehe 11 Septemba 1950, nyumbani kwake Irene, karibu na Pretoria. Katika Misa ya leo nitamwombea, pamoja na watoto wa London na wale wa Wabondelswarts.