Rukmini Devi: Aliyeipa heshima densi iliyodharauliwa

MNAMO Desemba 1935, Rukmini Devi Arundale alipanda jukwaani mtaani Adyar, jijini Madras, India, na kucheza densi ambayo kwa mabinti wa tabaka lake la Brahmin ilikuwa aibu tupu.

Densi hiyo, iliyojulikana kama sadir, ilikuwa urithi wa devadasi, wanawake waliowekwa wakfu kuhudumu katika mahekalu ya Kihindu. Enzi za ukoloni wa Mwingereza, wanawake hao waliitwa makahaba na kampeni ikaanzishwa kukomesha desturi yao. Sanaa yao nayo ikawa hatarini kuzikwa.

Rukmini alizaliwa Madurai mnamo Februari 29, 1904. Akiwa na umri wa miaka 16 alizua kashfa alipoolewa na George Arundale, Mwingereza aliyemzidi kwa zaidi ya miaka 20. Baadaye alikutana na Anna Pavlova, mchezaji baleti mashuhuri kutoka Urusi, aliyemhimiza atafute sanaa ya kwao. Mwacha mila ni mtumwa. Rukmini aligeukia sadir, akafunzwa na Mylapore Gowri Ammal, aliyekuwa devadasi, na gwiji Pandanallur Meenakshi Sundaram Pillai.

Mnamo 1936, yeye na mumewe walianzisha chuo kilichokuja kuitwa Kalakshetra. Alibuni mavazi mapya, akaboresha jukwaa na kupunguza ishara za ashiki, akisisitiza ibada. Jina Bharatanatyam likachukua nafasi ya sadir, na familia za tabaka la juu zikaanza kuwapeleka binti zao kujifunza.

Hata hivyo, si wote walioridhika. Balasaraswati, mchezaji hodari wa ukoo wa devadasi, alishikilia kuwa mapenzi ndiyo roho ya densi hiyo, na kwamba haikuhitaji kutakaswa na yeyote. Sheria ya 1947 ilipoharamisha kuwaweka wasichana wakfu mahekaluni, wengi wa walioilea sanaa hiyo kwa vizazi walisukumwa kando huku wengine wakishangiliwa.

Rukmini aliteuliwa kuwa mbunge wa Rajya Sabha mnamo 1952, akapigania sheria ya 1960 ya kuwalinda wanyama dhidi ya ukatili. Mnamo 1977 alikataa kuwania urais wa India. Aliaga dunia Februari 24, 1986.

Leo Bharatanatyam inafundishwa pembe nyingi za dunia. Aliiokoa densi, waliomrithisha hawakupata sehemu sawa ya heshima hiyo.