Daktari John Kirk na Sumu ya Mishale

Daktari John Kirk alizaliwa Uskochi mwaka wa 1832. Mwaka wa 1859 yeye na Livingstone walifika Ziwa Nyasa, ambamo mto wetu wa Songwe humwaga maji. Kusini ya ziwa, wawindaji walipaka mishale sumu ya mmea uitwao kombe. Mswaki wa Kirk uligusana na sumu hiyo mfukoni. Alipoutumia alionja uchungu, na mapigo ya moyo wake yakapungua. Baadaye Profesa Fraser wa Edinburgh alizichunguza mbegu za kombe, akatoa ndani yake strofanthini, dawa ya moyo. Kirk, aliyepata pia kuwa balozi Unguja, alifariki mwaka wa 1922. Majina ya wawindaji wale hayakuandikwa, ingawa elimu ya kwanza ilikuwa yao. Wanafunzi, waulizeni wazee habari za miti, lakini msionje ovyo: dawa ikizidi kipimo ni sumu.