EPICTETUS: MTUMWA ALIYEWAFUNZA WAKUBWA

Mwaka huu nimeamua kuwaletea maisha ya mtu ambaye hakuwa na jeshi, hakuwa na mali, na ambaye alifariki yapata miaka 1,900 iliyopita. Jina lake ni Epictetus. Najua kuna atakayeuliza, mbona umeacha mashujaa wetu ukamfuata Mgiriki wa kale? Ngoja kidogo, ndugu yangu. Subira huvuta heri.

Epictetus alizaliwa karibu mwaka wa 50 katika mji wa Hierapolis, mahali ambapo leo ni nchi ya Uturuki. Hata jina lake lilikuwa la kitumwa, kwani kwa Kigiriki maana yake ni kitu kilichopatikana, kama vile mtu anavyopata mbuzi sokoni. Alipelekwa Roma, na huko bwana wake alikuwa Epaphroditus, karani wa Kaisari Nero. Kumbe bwana huyo naye aliwahi kuwa mtumwa kabla ya kuachwa huru!

Isitoshe, Epictetus alikuwa anachechemea. Wengine walisimulia kuwa bwana mmoja alimsokota mguu mpaka ukavunjika, na wengine walisema ni ugonjwa tu. Vyovyote vile, fikiria kijana asiye na kwao, asiye na mshahara, na mguu wenyewe mbovu. Nani angemlaumu kama angekata tamaa?

Lakini hata akiwa bado mtumwa aliruhusiwa kwenda kumsikiliza mwalimu mmoja hodari, Musonius Rufus. Hapo ndipo macho yake yalipofunguka. Baadaye aliachwa huru akaanza kufundisha Roma. Kisha Kaisari Domitian, aliyetawala kutoka mwaka wa 81 hadi 96, akawafukuza wanafalsafa mjini. Epictetus hakulia. Alihamia Nicopolis, upande wa magharibi wa Ugiriki, akafungua shule, na vijana wakavuka bahari kumfuata.

Alifundisha nini? Somo lake la kwanza ni rahisi kulieleza, lakini kulitenda si mchezo. Alisema mambo ya dunia yako mafungu mawili. Fungu la kwanza ni yale yaliyo mikononi mwetu: mawazo yetu, nia yetu na juhudi yetu. Fungu la pili ni yale yasiyo mikononi mwetu: mwili, mali, vyeo, na wanayosema watu. Mwenye kushughulika na fungu la pili akasahau la kwanza, huyo ni mtumwa hata kama amevaa taji. Tena alifundisha kwamba kinachotuumiza zaidi si jambo lenyewe bali ni vile tunavyolitazama. Kila jambo lina vishikio viwili kama chungu, kimoja kinabebeka na kingine hakibebeki. Ndugu yako akikukosea, usilishike jambo hilo kwa upande wa kosa. Lishike kwa upande wa kuwa yeye ni ndugu yako, mmelelewa pamoja, nawe utaweza kulibeba.

Sasa mimi binafsi ni mmoja wa wale ambao hurudishwa nyumbani kwa sababu ya karo. Wenzangu wa namna hii mnajua safari ile ya kutoka langoni na sanduku, darasa zima likichungulia dirishani. Nilipomsoma Epictetus nilichukua karatasi nikagawanya shida yangu mara mbili. Karo haiko mikononi mwangu. Bei ya mahindi ya baba haiko mikononi mwangu. Macho ya wanaochungulia, hayo pia si yangu. Yangu ni kubeba vitabu badala ya kuviacha, na kunakili masomo niliyoyakosa siku ninaporudi. Nilipomaliza kuandika, upande wangu ulikuwa mfupi, nami nikapumua.

Rafiki yangu mmoja hapa chamani alinipinga vikali. Ati hii ni falsafa ya kuwanyamazisha wanyonge, mtumwa akubali minyororo na maskini akubali njaa. Swali lake ni zito, na sitaki kulipita mbio. Ni kweli Epictetus hakuongoza uasi wowote wa watumwa. Tena ni kweli karo hailipwi kwa kubadili mawazo. Mpaka leo baba anahangaika. Lakini juhudi iko katika lile fungu lililo letu. Anayeona dhuluma na anaweza kuipinga, basi kuipinga ni kazi yake. Alichokataa Epictetus ni kupigwa mara mbili, mara moja na mwenye fimbo na mara ya pili na moyo wako mwenyewe.

Yeye hakuandika kitabu. Mwanafunzi wake Arrian ndiye aliyeandika masomo yake katika vitabu 8, na 4 vimetufikia, pamoja na kijitabu cha muhtasari. Marcus Aurelius, Kaisari wa Roma kutoka mwaka wa 161 hadi 180, aliyasoma mafundisho hayo akashukuru. Mfalme kufunzwa na mtumwa! Hata juzijuzi, rubani Mmarekani James Stockdale aliyeangushwa Vietnam mwaka wa 1965, akavunjika mguu na kufungwa hadi 1973, alieleza kuwa mafundisho ya Epictetus ndiyo yaliyomsaidia kustahimili.

Epictetus aliishi peke yake miaka mingi na vitu vichache. Uzeeni alimchukua mtoto wa rafiki yake ambaye angeachwa afe, akamlea. Alifariki karibu mwaka wa 135.

Siku moja mwizi alimwibia taa yake ya chuma. Hakufoka. Aliona tu kuwa mtu hupoteza kile alicho nacho, akanunua taa ya udongo. Alipokufa, tajiri mmoja aliinunua taa ile kwa drakma 3,000, akitumaini kwamba akisoma kwa mwanga wake atapata hekima ya mzee. Wenzangu, nadhani mnajua alichopata. Alipata taa.