Daktari Minor: Akili Iliyokosa Tiba kwa Wakati

Kila nifundishapo taaluma ya utungaji wa kamusi, sikosi kumtaja Daktari William Chester Minor. Wanafunzi humstaajabia mtu huyu aliyeichangia Kamusi ya Kiingereza ya Oxford maelfu ya mifano ya matumizi ya maneno ilhali amefungiwa katika hospitali ya wendawazimu. Ni nadra kwao kuuliza swali ninaloliona kuwa zito zaidi: ugonjwa wake ulianza lini, na kwa nini uliachwa ukue?

Minor alizaliwa mwaka wa 1834 kisiwani Ceylon, ambacho leo ni Sri Lanka, wazazi wake wakiwa wamishonari Wamarekani. Alihitimu udaktari katika Chuo Kikuu cha Yale mwaka wa 1863, akahudumu katika jeshi la Kaskazini wakati wa vita vya wenyewe kwa wenyewe. Vita vilipokwisha, tabia yake ilibadilika. Aliwashuku maafisa wenzake, akaamini kwamba wanamlia njama. Mwaka wa 1868 alilazwa katika hospitali ya serikali ya wagonjwa wa akili jijini Washington. Alitoka baada ya mwaka na nusu hivi bila kupona. Jeshi likamstaafisha kwa malipo ya uzeeni, naye akashika njia yake.

Njia hiyo ilimfikisha London. Huko alisadiki kuwa watu huingia chumbani mwake usiku ili kumdhuru. Alfajiri ya tarehe 17 Februari 1872 alitoka mbio, akampiga risasi George Merrett, kibarua aliyekuwa akienda kazini katika kiwanda cha pombe. Marehemu aliacha mjane mjamzito na watoto kadhaa. Mahakama iliamua kuwa Minor hakuwa na akili timamu, akapelekwa Broadmoor.

Humo ndimo alimoipata kamusi. Mhariri James Murray alikuwa ameomba umma umsaidie kukusanya mifano, na Minor, aliyekuwa na vitabu tele, akaitikia. Kwa takriban miaka 20 aliusaka ushahidi wa maneno kwa umakini ambao wataalamu wengi hawana. Mjane wa Merrett mwenyewe alimtembelea na kumletea vitabu. Hata hivyo, mchana akiwa msomi, usiku alirudi kuwa windo la maruweruwe yake. Mwaka wa 1902 alijikata vibaya mwilini. Mwaka wa 1910 Winston Churchill, aliyekuwa Waziri wa Mambo ya Ndani, aliidhinisha arudishwe Marekani, ambako madaktari walitambua ugonjwa uitwao leo skizofrenia. Alifariki mwaka wa 1920, miaka minane kabla ya kamusi kukamilika.

Siwalaumu matabibu wa enzi hizo, kwani dawa ya kwanza ya kutuliza maradhi haya, klopromazini, ilianza kutumika mwaka wa 1952. Sisi hatuna udhuru huo. Utafiti umeonyesha kuwa mgonjwa anayekaa muda mrefu bila tiba aghalabu hupata nafuu kwa shida zaidi. Picha za ubongo nazo zimeonyesha kwamba baadhi ya wagonjwa hupungukiwa na tishu za ubongo, ingawa wataalamu wangali wanajadili ni kiasi gani cha upungufu huo kinatokana na ugonjwa wenyewe, kuchelewa kwa tiba au dawa zitumiwazo. Kwa hiyo tusimwambie mgonjwa yeyote kwamba ubongo wake umekwisha. Minor alikuwa mgonjwa kwa miongo kadhaa, na bado akili yake ilizaa matunda. Wala tusidhani kuwa kila mgonjwa ni muuaji. Wengi wao hawamdhuru mtu.

Nawaandikia walimu na wanafunzi kwa sababu ugonjwa huu aghalabu huanza katika umri wa kidato cha juu na chuo kikuu. Mwanafunzi hodari anapoanza kujitenga, kukesha, kuwashuku wenzake na kujibu sauti zisizosikika, wapo wamwitao mtukutu na wapo wasemao amerogwa. Miezi hupita, hata miaka. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Mwalimu aonaye dalili hizi na awaite wazazi, na kijana afikishwe hospitalini muhula huo huo, asingojee ujao.