David Bruce na Mbung'o wa Ziwa Victoria

Sio Port ni bandari ndogo ya ziwani, upande wa Kenya, pale Mto Sio unapoingia katika Ziwa Victoria. Ukivuka mto, uko Uganda. Leo ni mahali pa mitumbwi, pa omena na mbuta, na pa wachuuzi wa samaki wanaopanda kwenda Busia na Malaba. Lakini mwanzoni mwa karne iliyopita ufuo huu wa Wasamia, pamoja na ule wa Busoga ulio jirani yake, ulikuwa pahala pa matanga. Mtu alianza kwa homa, akavimba tezi za shingo, akakonda, maneno yake yakapotea maana, kisha akashikwa na usingizi mchana kutwa mpaka akafa. Ugonjwa huo ndio malale. Na jina ambalo halitengani na habari za malale ni la tabibu wa jeshi la Kiingereza, David Bruce.

Bruce alizaliwa Melbourne, Australia, mwaka 1855, kwa wazazi Waskoti waliokwenda huko zama za dhahabu. Alipokuwa na umri wa miaka mitano walirudi kwao Scotland. Shule aliiacha ana miaka 14, akaajiriwa katika ghala moja mjini Manchester. Alikuwa na mwili wa nguvu na hamu yake ilikuwa michezo, lakini akiwa na miaka 17 alishikwa na kichomi, na ndoto hiyo ikaisha. Ndipo aliporudia masomo. Akaingia Chuo Kikuu cha Edinburgh kusomea habari za wanyama, kisha akageukia utabibu na kuhitimu mwaka 1881. Mwaka 1883 alimwoa Mary Elizabeth Steele, na mwaka huo huo akaingia jeshini.

Huyu Mary hapana budi atajwe mapema, kwa sababu habari za Bruce bila yeye ni nusu ya habari. Alijifunza kutumia hadubini, akawa anatayarisha vioo, anachora aliyoyaona, na kufuatana na mumewe kila alikopelekwa.

Kituo chao cha kwanza kilikuwa kisiwa cha Malta, mwaka 1884. Askari wa huko walikuwa wakiugua homa ya kwenda na kurudi, miezi kwa miezi, na sababu haikujulikana. Bruce alichunguza bandama za askari waliokufa, na mwaka 1887 akatangaza kwamba amemwona kijidudu aletaye homa hiyo. Kijidudu amemwona, lakini mlango anaopitia hakuujua. Ilikuwa mwaka 1905, katika tume iliyoongozwa na Bruce mwenyewe, ambapo tabibu wa Malta, Themistocles Zammit, alionyesha kwamba kijidudu yumo ndani ya mbuzi. Mbuzi wale walikuwa wazima wa kutazama, hawakohoi wala hawakondi, na maziwa yao yalikuwa yakinywewa mabichi kila asubuhi. Askari walipokatazwa maziwa hayo, homa ikapungua mara moja. Kijidudu huyo leo anaitwa Brucella, kwa jina la Bruce, na yupo katika nchi yetu hii. Ndiyo sababu maziwa huchemshwa.

Mwaka 1894 Bruce alipelekwa Zululand, Afrika ya Kusini, ambako ng'ombe walikuwa wakifa kwa maradhi ambayo Wazulu huyaita nagana. Yeye na mkewe walisafiri kwa gari la maksai mpaka kilima cha Ubombo, wakakaa katika kibanda cha miti na udongo, na humo wakafanya maabara. Katika damu ya ng'ombe wagonjwa alimkuta kijidudu mwenye mkia kama mjeledi, anaogelea kati ya chembe za damu. Akateremsha farasi na mbwa bondeni kwenye mbung'o, akawazuia wasile wala kunywa kitu cha huko, na wakaugua vivyo hivyo. Akawachukua mbung'o wa bondeni akawapandisha kilimani, wakawauma wanyama wazima, nao wakaugua. Tena akaona kwamba nyati na wanyama wengine wa porini wanaye kijidudu huyo huyo katika damu, wala hawana dalili ya maradhi.

Sisi wa pwani mbung'o si mgeni kwetu, na wengine humwita ndorobo. Wazee waliposafirisha pembe na nguo baina ya Bagamoyo na Tabora na Ujiji, mizigo ilikwenda juu ya vichwa vya wapagazi. Punda na ng'ombe hawakufaa, kwani wengi walikufa njiani. Mbung'o aliamua biashara ya bara iendeshwe vipi, kabla hajajulikana na tabibu yeyote.

Malale yalipozuka ukingoni mwa Ziwa Victoria, ndugu wawili matabibu wa hospitali ya Mengo, Albert na Jack Cook, ndio walioyatambua, mwaka 1901. Mwaka 1902 ikaja tume kutoka London, na ndani yake kijana Mwitalia, Aldo Castellani. Bruce na Mary waliwasili Entebbe mwezi wa Machi 1903. Castellani alikuwa tayari amemwona kijidudu mwenye mkia katika maji ya uti wa mgongo wa wagonjwa, bali hakuwa na hakika maana yake ni nini. Bruce alipoambiwa, akakumbuka Ubombo. Baadaye watu walishindana sana gazetini juu ya nani astahiki sifa. La haki ni kusema kwamba Castellani aliona na Bruce akafahamu.

Ikabaki kujua nani anamchukua kijidudu. Bruce aliomba msaada wa Katikiro wa Buganda, Apolo Kagwa, naye akawaagiza machifu wakusanye nzi kila upande, na waseme wapi kuna malale na wapi hakuna. Vifurushi vya nzi vilimiminika Entebbe. Walipotia alama katika ramani, palipokuwa na malale palikuwa na mbung'o, katika vichaka vya ukingo wa maji, na palipokosa mbung'o malale hayakuwako. Kikulacho ki nguoni mwako: mvuvi, mteka maji na mkata kuni waliumwa pale pale walipopata riziki yao.

Kujua hakukuwa kuponya. Kijidudu wa malale hubadili joho lake mara kwa mara, na askari wa mwili wakimzoea kwa sura hii huja kwa sura nyingine, mpaka aingie ubongoni. Dawa ya kweli haikuwapo. Gavana wa Uganda, Hesketh Bell, tangu mwaka 1906 aliwahamisha watu wa ufuoni na baadaye wa visiwani, wakaacha makaburi, migomba na mitumbwi. Inakadiriwa kwamba watu 250,000 hivi walikufa pande za ziwa kati ya 1900 na 1920. Malale yalimuua pia Luteni Forbes Tulloch, mmoja wa watafiti wenyewe, aliyekufa mwaka 1906.

Bruce alirudi Uganda mwaka 1908. Alikuwa akidhani mbung'o hubeba kijidudu mdomoni tu, kama sindano chafu. Mjerumani Friedrich Kleine akaonyesha mwaka 1909 kwamba kijidudu hukua ndani ya tumbo la nzi kwa siku kadhaa ndipo aweze kuambukiza. Bruce akarudia majaribio akaona Mjerumani amesema kweli. Kisha akaenda Nyasaland, Malawi ya leo, na huko akashikilia neno lililoleta ubishi: kwamba kijidudu auaye watu kusini na mashariki ya Afrika ni yule yule wa nagana ya ng'ombe. Sayansi ya leo imemkurubia sana, inasema ni ndugu wa tumbo moja.

Na hapo ndipo habari yake inaporudi kwa watu wa Sio Port. Malale yaliwaka tena Busoga miaka ya 1940, na tena tangu 1976, hata wagonjwa wakaonekana Busia ya Kenya, wakitibiwa hospitali ya Alupe. Kijidudu alikuwa amejificha ndani ya ng'ombe wazima wa kutazama, kama alivyojificha yule wa Malta ndani ya mbuzi. Ng'ombe akiuzwa mnadani, maradhi huvuka mpaka pamoja naye, bila ya pasi. Kwa hiyo waliotaka kumwokoa mtu walianza kwa kumtibu ng'ombe, na kumpaka dawa ya kuua mbung'o. Mgonjwa wa mwisho aliyeambukizwa mwenyeji wa Kenya alionekana mwaka 2009, na mwezi wa Agosti 2025 Shirika la Afya Duniani lilithibitisha kwamba malale si tatizo tena la afya ya umma nchini Kenya. Mbung'o lakini hajaondoka, na ng'ombe wangali wanavuka.

Mary Bruce alifariki London tarehe 23 Novemba 1931. David alimfuata siku nne baadaye, tarehe 27, wakati mkewe akizikwa. Wanasema aliusia kwamba atakayeandika habari za kazi yake asiache kumtaja mkewe. Vijidudu viwili vimepewa jina la Bruce, mmoja wa maziwa na mmoja wa mbung'o. Wote wawili huweza kumfikia mtu kwa njia ya mnyama anayemfuga.